Mtoto mwenye baridi yabisi: mwangalie na taya



Weka kidole mbele ya sikio lako, ufungue mdomo na kuufunga. Unasikia kitu kinacheza? Hicho ndicho kiungo cha taya, nacho ndicho nilichokuja kukizungumzia.

Wengi tunadhani baridi yabisi ni ugonjwa wa wazee. Sivyo, hata mtoto wa miaka 2 huupata. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 16 akivimba goti au kiwiko kwa wiki 6 au zaidi, na sababu nyingine haionekani, madaktari huufikiria ugonjwa huu. Hauletwi na kuoga maji ya baridi, wala hakuna jirani aliyemtupia kitu. Ni kinga ya mwili wake yenyewe inayoshambulia viungo, na taya nalo ni kiungo.

Ubaya wake ni kwamba goti utaliona limevimba, taya hutaliona. Mara nyingi hata haliumi. Katika bloku moja nilimkuta msichana wa miaka 8 anayechechemea. Mama yake alilalamika kwamba anadeka: wenzake wanamaliza mahindi, yeye anachukua punje moja moja, kisha anaacha. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Nilipomwomba afungue mdomo, kidevu kilikwenda upande. Mama alinyamaza, halafu akasema, "Nami nimempiga kwa ajili hiyo." Simlaumu. Nani alikuwa amemwambia?

Taya la chini hukua kutokea pale pale kwenye kiungo. Kiungo kikiugua muda mrefu bila dawa, taya hubaki dogo na kidevu hurudi nyuma. Ukiugua upande mmoja, uso hupinda na meno hayakutani. Kunyoosha baadaye huenda kukahitaji upasuaji, na safari ya rufaa mnaijua.

Kwa hiyo jioni hii mwambie mtoto asimamishe vidole vyake 3 vya kati, vikiwa pamoja, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vidole vyake, baba, si vyako vya jembe! Visipoingia, au mdomo ukifunguka kwa kupinda, mlete kliniki. Huko taja taya wewe mwenyewe, maana mganga ataangalia goti. Rudia kupima kila mwezi.

Dawa zipo. Ibuprofeni hupunguza uvimbe na maumivu. Apewe kwa kipimo cha kliniki, akiwa amekula. Hospitali ya rufaa huweza kumwanzishia methotreksati. Hiyo ni mara 1 tu kwa WIKI. Ukimpa kila siku inaweza kumwua.

Nyumbani, kitambaa cha maji ya vuguvugu kwenye mashavu kabla ya kula husaidia. Mpe uji mzito, maharage yaliyopondwa, viazi. Mswaki uwe mdogo. Na usimpeleke kwa wang'oa meno wa sokoni. Jino halina kosa.

Lakini taya likikaza ghafla, hasa kwa mtu mwenye kidonda, usingoje kesho. Huenda ni pepopunda. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Nitapita nyumba kwa nyumba wiki hii. Mkiniona, niiteni, na mtoto awepo.