Tuulize Fedha Inatoka Wapi

 

Aprili 2008, Waziri wa Miundombinu, Mheshimiwa Andrew Chenge, alijiuzulu baada ya kufahamika kuwa alikuwa na zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti kisiwani Jersey. Wachunguzi wa Uingereza walikuwa wakifuatilia rada tuliyouziwa na kampuni ya BAE Systems. Alikana kosa, wala hakushtakiwa kwa suala hilo. Lakini fedha hizo aliziita "vijisenti", na neno hilo liliwachoma wananchi. Likazagaa vijiweni na sokoni, watu wakicheka kwa uchungu.

Kicheko peke yake hakirudishi fedha. Wabunge wetu walifuatilia hadi London, na mwaka 2012 Tanzania ililipwa pauni milioni 29.5, zikapangiwa vitabu na madawati ya shule za msingi.

Nasi tujitazame. Mwaka 2014, katika sakata la Escrow, baadhi ya viongozi wa dini walitajwa bungeni miongoni mwa waliopokea mgao.

Mkulima wa korosho huku kwetu hujua kilo zake na hudai stakabadhi yake. Parokia nayo ifanye hivyo. Akija mtu na fedha nyingi za kiwanja au jengo, tumshukuru, kisha tumwulize zimetoka wapi. Na hesabu zetu, hata za sadaka ndogo, tuzisome mbele ya waumini.