Mboga za Soko na Vidonge vya Chupa



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, natoa shukrani kwa halmashauri kwa kunipa fursa ya kusema juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu ni la jikoni na sokoni, bali kwa hakika lagusa siha zetu na mali zetu pia. Jambo lenyewe ni hivi vidonge na maji ya chupa vitembezwavyo majumbani na nje ya misikiti, ambavyo wauzaji wake husema vina kitu kiitwacho antioksidanti, nacho ati huondoa uzee, husafisha damu na kuvunja saratani. Halmashauri imeletewa ombi kwamba sehemu ya fedha za mfuko wetu zitumike kununulia chupa hizo, wagawiwe wazee na wajane kabla ya Ramadhani. Nimetakiwa rai yangu, nami naitoa waziwazi: haifai.

Kwanza tufahamu maana. Mtu akikata bilingani akaliacha juu ya ubao, baada ya muda mfupi nyama yake hugeuka hudhurungi. Hiyo ni kazi ya hewa ya oksijeni, ile ile ilayo chuma kikaota kutu. Akilikamulia ndimu, weupe wake hudumu. Ndani ya miili yetu namo mna moto wa namna hiyo, kwani chakula huunguzwa kwa hewa tuvutayo, na katika kuungua huko huzuka chembe kali ziwezazo kudhuru viungo. Mimea nayo, kwa kuwa hushinda juani pasipo kivuli, imejaaliwa vitu vya kujikinga, na aghalabu ndivyo viipavyo rangi na ladha: wekundu wa karkade, umanjano wa embe, ukakasi wa chai ya rangi. Hivyo ndivyo waviitavyo antioksidanti, na vitamini C na E zimo katika jamii hiyo.

Mpaka hapa muuzaji wa chupa asema kweli. Kosa lake ni kudhani kwamba mwanadamu ni bilingani. Mwili una walinzi wake wenyewe, tena zile chembe kali si adui kila wakati. Chembe nyeupe za damu huzitumia kama silaha za kuulia vijidudu. Basi si kweli kwamba kila azidishaye kinga hupata afya zaidi.

Wala hili si neno la kukisia, kwani limejaribiwa. Watu wa ilimu ya tiba waliona zamani kwamba walao mboga na matunda kwa wingi hupatwa na saratani ya mapafu kwa uchache kuliko wenzao. Wakasema: tuichukue beta karotini, ile rangi ya manjano iliyomo katika karoti na embe, tuitie katika kidonge. Huko Finland wanaume 29,133 wavutao sigara walipewa vidonge, wengine vya karotini, wengine vya vitamini E, wengine vya vyote viwili, na wengine vitupu visivyo na kitu, kwa miaka mitano hata minane. Habari zilipotolewa mwaka 1994 watu walishangaa: waliomeza karotini walipatwa na saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa kadiri ya 18 katika mia. Huko Marekani jaribio jingine la watu 18,314, wavutaji wa sigara na waliofanya kazi penye vumbi la asbesto, lilisimamishwa mwezi wa Januari 1996 kabla ya muda wake, kwa kuwa saratani ilizidi kwa 28 katika mia. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya majaribio 78 ya vidonge hivi, yenye watu 296,707, wasione kwamba vyarefusha maisha. Bali beta karotini na vitamini E zilielekea kuzidisha vifo. Vijana wetu wanaoketi na shisha jioni, kisha wakameza vidonge vya karotini ili kujiosha mapafu, na walisikie hili vizuri.

Tunda basi ni jambo moja, na kitu kilichokamuliwa kutoka katika tunda ni jambo jingine. Ndani ya tunda mna mamia ya vitu vilivyochanganywa kwa kipimo chake, pamoja na nyuzinyuzi na maji, na mlaji wake hushiba kabla hajazidisha. Chupa haina mpaka huo.

Sasa tazameni tulivyo navyo. Mtu aingiaye soko la Konyo Konyo asubuhi atakuta khudra, nayo ndiyo mlenda wa Waswahili. Atakuta bamia mbichi na kavu, majani ya kunde, mchicha, jirjiri, nyanya, ndimu, mapera na karanga. Nyingine zalimwa hapa kando ya Bahr el Jebel, nyingine zaja kwa malori kutoka Uganda kwa njia ya Nimule. Atakuta karkade kavu, ukwaju ambao hapa huitwa aradeb, ubuyu wa tabaldi, na lalobu ambayo watoto huinyonya kama peremende. Msimu wa maembe ukifika, maembe ya mji huu huoza chini ya miti, ilhali mwenye mti amekwenda dukani kununua kopo la maji ya rangi yaliyoandikwa embe. Hilo hunisikitisha kuliko hata habari ya vidonge.

Na wapishi wa hapa wana hekima ambayo sisi tuliotoka pwani yatupasa kuikiri. Wao hupika mboga ya majani pamoja na karanga iliyosagwa. Rangi ya karotini haiyeyuki katika maji, yataka mafuta ndipo mwili uipokee. Basi mboga yenye karanga, au yenye kijiko cha mafuta, yafaa kuliko ile iliyochemshwa kwa chumvi tupu. Vitamini C kwa upande wake huharibiwa na moto na huenda na maji yaliyomwagwa. Kwa hiyo mboga isichemshwe mpaka ikawa uji, mchuzi wake usimwagwe, magadi yasitiwe mengi kwa ajili ya kuilainisha, kwani nayo huiua vitamini hiyo. Na ndimu ikamuliwe mezani chakula kikiisha kuepuliwa. Jirjiri na nyanya zilizwazo mbichi zioshwe kwa maji safi yaliyotiwa dawa. Hatujasahau kipindupindu kilichotangazwa nchini mwezi wa Oktoba 2024, na hakuna faida ya mboga ilipayo hasara ya kuhara.

Chai ya rangi tunywayo kwa akina mama wauza chai chini ya miti ina sehemu yake katika kheri hii. Lakini ule ukakasi wake huzuia madini ya chuma yaliyomo katika chakula yasiingie mwilini. Mwanamke mwenye mimba, au mtu aliyepungukiwa na damu, na aile sahani yake kwanza, akakaa kama saa moja, ndipo anywe chai.

Karkade nayo yastahili neno lake. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba waliwapa watu wazima vikombe vitatu kwa siku, kwa majuma sita, na shinikizo la damu likashuka kwa kadiri ndogo, kama pointi saba kwa kipimo cha juu. Watu wenyewe walikuwa 65 tu, na shinikizo lao lilikuwa limepanda kidogo. Haikusemwa kwamba karkade yachukua nafasi ya dawa. Nalisema hili kwa kuwa yupo mzee wa mtaa wetu aliyeacha vidonge alivyoandikiwa na tabibu, akashika chupa ya maji mekundu aliyouziwa kwa bei ya mbuzi, hata akaanguka uani akitawadha. Leo mkono wake wa kulia haunyanyuki. Muuzaji hakuonekana tena mtaani. Tena karkade iliyotiwa sukari vikombe viwili kwa jagi moja si karkade, ni sukari iliyotiwa rangi, na wenye kisukari miongoni mwetu ni wengi.

Nisieleweke kwamba nakataza kila kidonge. Vile vya chuma na foliki apewavyo mama mwenye mimba kliniki ni lazima avimeze. Matone ya vitamini A wapewayo watoto kuanzia miezi sita hadi miaka mitano huwakinga na upofu na mauti, wala asitokee baba wa kuwazuia kwa kudai kwamba Sheikh amekataza dawa. Tofauti ni kwamba hivyo hutolewa kwa upungufu ujulikanao na kwa kipimo kijulikanacho, na vile vingine huuzwa kwa hofu ya mnunuzi.

Wako pia waandikao juu ya chupa zao majina ya mimea iliyotajwa katika Kitabu, kama tini, zeituni na komamanga, ili mnunuzi aone haya kukataa. Kutajwa kwa tunda ni utukufu kwa tunda. Si cheti cha kiwanda.

Basi naomba halmashauri ifanye hivi. Fedha zilizokusudiwa chupa zinunuliwe karkade, ukwaju, tende, kunde na karanga kabla bei haijapanda kwa Ramadhani, na kila mjane apate fungu lake. Futari ya pamoja iwe na mboga ya majani kila siku, si nyama na wali peke yake, na majagi ya karkade yaletwe bila sukari, kila mtu ajitilie mwenyewe. Na ule uwanja ulio nyuma ya madrasa, penye bomba, vijana waulime mchicha na mlenda; kwa kuwa huota upesi, wakipanda juma hili tutaweza kuvuna kabla ya mwezi kuandama. Majembe mawili nitayatoa mimi.