BEI YA NYUMBA SI BEI YA MWISHO

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu)



Nashukuru kwa heshima ya kusimama katika bwalo hili, ambamo zamani nilisimama kwa ajili ya foleni ya ugali tu. Nimeombwa nizungumze juu ya kununua nyumba. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2009, nikiwa mtumishi kijana, nilinunua nyumba ndogo mjini Kahama. Dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi ilikuwa imeuchemsha mji, na kila aliyeniambia "subiri" nilimwona adui. Nilimlipa muuzaji fedha yote, akanipa ufunguo na hati, tukaahidiana kumaliza uhamisho "mwezi ujao". Mwezi ujao ukawa miaka minne. Muuzaji alihamia upande wa Geita, akafariki huko. Nilipokwenda ofisi ya ardhi, jina lilikuwa bado lake, pango la ardhi lilikuwa na malimbikizo, na kodi ya mauzo ilikuwa haijalipwa. Ilinibidi ningoje mirathi ifunguliwe mahakamani, kisha nilipe madeni yasiyokuwa yangu. Namshukuru mjane wake, maana mwingine angenikana.

Ndugu zangu, kosa langu halikuwa umaskini. Nilihesabu bei, nikasahau gharama za uhamisho. Gharama hizo ni ada ya upekuzi wa hati, uthamini, ada za kibali na usajili, wakili, dalali, ushuru wa stempu, na kodi ya ongezeko la mtaji.

Tuchukue nyumba ya Sh. 40,000,000. Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1, yaani karibu Sh. 400,000. Ikiwa muuzaji alitumia Sh. 25,000,000 kuipata, akawa anaipangisha, faida yake ni Sh. 15,000,000, na kodi ya asilimia 10 ya faida hiyo ni Sh. 1,500,000. Kisheria kodi hii ni ya muuzaji. Lakini isipolipwa, uhamisho haukamiliki. Na muuzaji aliyekwisha kutia fedha mfukoni hana haraka. Anayeumia ni mnunuzi.

Je, tupunguzeje mzigo huu?

Kwanza, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata senti. Hapo utajua mwenye hati ni nani, na kama imewekwa rehani. Ada yake ni ndogo kuliko kesi.

Pili, mkataba utaje nani analipa nini. Bakiza sehemu ya bei mpaka muuzaji alete uthibitisho wa kodi na wa pango la ardhi.

Tatu, mwombe muuzaji atafute stakabadhi zake za saruji, bati na mafundi, kwani gharama zilizothibitishwa hupunguza faida inayotozwa kodi. Aulize pia TRA kuhusu msamaha wa makazi: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliiacha nje nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, ikiwa faida haizidi Sh. 15,000,000.

Nne, mke au mume wa muuzaji atie sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa ya mwenzi.

Tano, ukidaiwa "asilimia 10 ya mtaa", uliza kwa adabu ni sheria gani, na dai stakabadhi. Mimi sijaonyeshwa sheria hiyo mpaka leo.

Sita, usikubali kuandika bei ya uongo ili kukwepa kodi. Mthamini ataiona, na mkivunjiana mkataba, utadai kilichoandikwa tu.

Kwa sisi wa Geita, Kahama na Kakola, liko jambo la ziada. Anayenunua kiwanja hanunui dhahabu iliyo chini yake. Madini ni mali ya taifa. Kwa hiyo uliza Ofisi ya Madini kama eneo hilo limo ndani ya leseni ya mtu, kabla hujajenga.

Wadogo zangu, mnapouliza hesabu za asilimia zina faida gani, kumbukeni nyumba ya Kahama. Nami nilizifaulu katika chumba kile pale, halafu nikazisahau siku niliyozihitaji. Ukiwa na milioni 40, usitafute nyumba ya milioni 40. Tafuta ya milioni 36, na nyingine iliyobaki ikupeleke mpaka jina lako liandikwe kwenye daftari la Msajili. Kabla ya hapo una ufunguo tu.