Jedwali la Alama: Kanada, Wasomi wa Meksiko na Deni Lisilotajwa



Mada niliyopewa ni uhamiaji wa wataalamu katika bara la Amerika. Ni pana mno, nami nitaibana kwenye Kanada na Meksiko kwa sababu moja. Muhula uliopita, kwenye semina ya idara, mwenzangu mmoja, mchumi ninayemheshimu sana, alisema kwamba mfumo wa alama wa Kanada ndio mizani ya haki kuliko zote zilizowahi kuwekwa mpakani. Haujali rangi wala ukoo, alisema; unapima elimu, lugha na umri, anayetosha anaingia, na hakuna aliyedhulumiwa. Ukumbi ukaitikia. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, na mhadhara huu ndio matunda ya hasira ile.

Historia yenyewe mnaijua. Mwaka 1962 Kanada iliacha kanuni zilizowapendelea wahamiaji wa asili ya Ulaya. Oktoba 1967 ikaleta jedwali la alama. Mwaka 2002 ikaanza kutumia sheria mpya. Na Januari 2015 ikaanzisha Express Entry, ambapo waombaji hupangwa kwa alama na walio juu huitwa kwanza. Tuyaache hayo.

Tulisome jedwali la 1967 lenyewe. Nalipenda kuliko waraka wowote wa uhamiaji ninaoujua, na wanafunzi wangu hunicheka kwa kulibandika ukutani ofisini. Jumla ni alama 100, na aliyefikisha 50 kwa kawaida alipita. Elimu na mafunzo, 20, karibu alama moja kwa kila mwaka wa masomo. Uhitaji wa kazi yako nchini Kanada, 15. Ujuzi wa kazi, 10. Umri, 10, nazo huanza kukatwa moja moja ukishavuka miaka 35. Mwajiri anayekusubiri, 10. Kiingereza na Kifaransa, 10. Ndugu aliyetangulia, hadi 5. Hali ya ajira huko unakokwenda, 5. Jumlisheni: ni 85. Zile 15 zilizobaki ziko wapi?

Ziko mikononi mwa ofisa. Jedwali linaziita tathmini ya mtu binafsi. Ofisa anakaa nawe, anakutazama, anaamua kama una ari, kama ni mtu wa kujituma, kama utayazoea maisha ya kwao. Alama 15! Zinashinda lugha, zinashinda umri, zinalingana na mahitaji ya soko zima la kazi. Tena ofisa aliruhusiwa kuliweka kando jawabu la jedwali, ilimradi aandike sababu na mkubwa wake akubali. Wazee wetu wa Kampala wanalijua hili kwa macho. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, Kanada ilipeleka maofisa wake Kampala, na maelfu wakakubaliwa kwa jedwali hilohilo lililolegezwa kwa makusudi. Lilikuwa jambo jema. Lakini mizani inayolegezwa siasa ikitaka inaweza kukazwa vilevile siasa ikitaka.

Mwenzangu atajibu kwamba hayo yamepita, kwamba alama za kumtazama mtu usoni zilifutwa na siku hizi hesabu hufanywa na kompyuta. Ni kweli, nami nakiri kuwa ni maendeleo makubwa. Sasa tuiangalie hiyo kompyuta inahesabu nini.

Chukueni Wameksiko wawili wasio na wenzi. Wa kwanza ana miaka 29 na shahada ya kwanza ya uhandisi. Wa pili ana miaka 40 na shahada ya uzamivu. Katika Express Entry kijana hupata 110 za umri na 120 za elimu: 230. Mwenye uzamivu hupata 50 na 150: 200. Akifika miaka 45, alama zake za umri ni sufuri. Anayetafuta wajuzi kuliko wote hawezi kuandika jedwali la namna hii. Linaandikwa na anayemtaka mtu mara tu baada ya wengine kumaliza kumlipia, kabla hajaanza kuwalipa.

Na lugha? Kwa hao wasio na wenzi, lugha rasmi ya kwanza, Kiingereza au Kifaransa, pekee hufikia alama 136. Kijana aliyesoma shule binafsi ya lugha mbili Monterrey anazo mfukoni. Kijana wa Oaxaca aliyelelewa kwa Kizapoteki, akasoma kwa Kihispania, akajifunza Kiingereza ukubwani, anajua lugha tatu na anapata alama za ile moja anayoijua kwa shida. Mizani gani hiyo isiyojali ukoo?

Nani basi aliyelipa? Katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Meksiko, UNAM, ada rasmi ya shahada ya kwanza ni ya jina tu, haifiki bei ya tiketi ya metro. Uongozi wa chuo ulipojaribu kuipandisha mwaka 1999, wanafunzi walifunga chuo kwa miezi zaidi ya tisa, na ada haikupanda. Tangu 1936 wanafunzi wa udaktari hutoa huduma kwa jamii, wengi wao katika zahanati za vijijini. Na baada ya mgogoro wa madeni wa 1982, mishahara ya vyuo ilipoporomoka, serikali ilianzisha mwaka 1984 Mfumo wa Taifa wa Watafiti ili kuwaongezea kipato wanasayansi wasiondoke. Nao, kwa kejeli ya historia, huwapanga wasomi kwa madaraja. Meksiko ilijitengenezea jedwali lake la kuwabakiza watu. Kanada ina jedwali la kuwachukua.

Hoja nzito dhidi yangu ni ya wachumi Herbert Grubel na Anthony Scott, iliyochapishwa mwaka 1966. Walisema mtaalamu akiondoka anaondoka na mchango wake na mshahara wake pia, kwa hiyo waliobaki hawapungukiwi. Hasara nyingine waliziona ndogo au za muda. Hoja ni safi, ila imejengwa juu ya dhana kwamba kila mtu analipwa kiasi kilekile anachochangia. Mwambieni hivyo mama wa Chiapas ambaye zahanati yake haina daktari. Mshahara wa daktari aliyeondoka umebaki kwenye bajeti, na mtoto bado ana homa.

Nilipokuwa nikisoma Toronto nilipanga nyumba moja na daktari wa meno kutoka Puebla. Shahada yake ilimpa alama za kuingia nchini. Bodi ya taaluma haikuitambua kwa kazi. Leseni huko ni mambo ya mikoa, si ya serikali kuu iliyompa alama. Akawa anapokea simu kwenye kliniki ya meno, na jioni alitukagua vinywa wapangaji wote kwa ukali ambao sijausahau. Kanada haikumpata daktari, na Puebla ilikuwa imempoteza.

Simlaumu. Mishahara, mauaji, ajira za kubahatisha: nani angemlaumu? Najua pia kwamba tangu 1998 Mmeksiko hapotezi uraia wake wa kuzaliwa akichukua mwingine, na kwamba fedha zinazotumwa nyumbani ni nyingi. Lakini nyingi kati ya fedha hizo hutumwa na vibarua, si na wahandisi. Na vibarua hao je? Tangu 1974 wakulima wa Meksiko huenda mashambani Kanada kwa mikataba isiyozidi miezi minane, wakarudi, wakaenda tena. Mtu anaweza kuchuma nyanya za Ontario miaka ishirini, na msimu hata mmoja usimletee alama katika jedwali la Express Entry.

Mchumi Jagdish Bhagwati alipendekeza miaka ya 1970 kodi juu ya mapato ya mtaalamu aliyehama. Nadhani alimshika asiyestahili. Aliyenunua ndiye alipe. Utaratibu upo tayari: tangu 30 Aprili 2024, mwombaji mkuu wa ukaazi wa kudumu kwa njia ya Express Entry alitakiwa kuilipa Kanada dola 1,525 za huko kama ada ya maombi na haki ya ukaazi. Fedha hizo huingia Ottawa zote. Natoa wito kwa wanasheria na wachumi waliomo ukumbini waandike pendekezo la kuligawa fungu hilo na kuongeza juu yake mchango wa serikali inayopokea, ulipwe moja kwa moja kwa chuo cha umma kilichotoa shahada. Sahihi ya kwanza itakuwa yangu.