Oili Chafu, Kisima Chetu na Saruji ya Kufunga Mafuta

(Maneno ya halmashauri mbele ya mkutano wa wanachama. Tunayabandika hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani.)



Nyuma ya mashine yetu ya kusaga yako mapipa 3 ya oili chafu, ya injini na ya trekta. Kisima kiko chini ya mteremko. Masika ikija na pipa likatoboka, kila mtu anajua maji yanatelemkia wapi. Kwa hiyo jambo hili si la fundi peke yake, ni la kila mwenye ndoo.

Baadhi ya wanachama wametoa shauri: tuichanganye oili na saruji, ishike, tuifukie, mambo yaishe. Si shauri la kipuuzi. Wako wataalamu wanaofanya karibu na hivyo. Ila tuelewe kwanza wanavyofanya, ndipo tuamue.

Saruji ya dukani hushika kwa sababu ya maji. Oili ikiingia inazivika chembe za saruji, maji hayazifikii. Basi zege linachelewa kushika au linabaki laini, na oili inachuruzika tena. Ukipunguza oili mpaka zege lishike, utamaliza mifuko mingi kwa dumu moja.

Wataalamu wanatumia saruji nyingine, iitwayo geopolima. Jina hilo alilitoa mkemia Mfaransa, Joseph Davidovits, katika miaka ya 1970. Moja ya njia za kuitengeneza ni kuchukua udongo mweupe wa kaolini, wa namna ile iliyopo vilima vya Pugu, na kuuchoma kwa joto la nyuzi kama 700 hadi 800. Unga wake hukorogwa na maji makali yenye kostiki soda na silika. Vikikutana vinashikana kama jiwe.

Mwaka 2015 wataalamu wa Ufaransa walieleza jinsi walivyofunga mafuta humo. Kwanza waliyakoroga katika maji ya silika mpaka yakawa matone madogo sana, kama mafuta yalivyo ndani ya maziwa. Ndipo wakatia unga wa kaolini. Jiwe likashika, matone yakabaki ndani. Walifika sehemu 20 za mafuta katika kila sehemu 100 za ujazo. Jiwe lilikuwa imara, na lilipowekwa majini mafuta yaliyotoka yalikuwa kidogo sana. Tena mwaka 2020 hadi 2024 nchi za Ulaya zilishirikiana katika mradi wa PREDIS, wakapima saruji za aina hii kwa mafuta machafu yenye mionzi, yatokayo kwenye mitambo ya nyuklia.

Sasa basi, mbona na sisi tusifanye? Tuna sababu 3.

Kwanza, kostiki soda inaunguza ngozi na kupofusha macho. Watengeneza sabuni wanaijua.

Pili, oili ile haijafa, imefungwa tu. Jiwe likipasuka, inatoka. Ndiyo maana wenzetu wanapima kila mchanganyiko, na jiwe linatunzwa mahali panapolindwa. Sisi hatuna maabara. Tukifukia juu ya kisima, tutakuwa tumeficha tu.

Tatu, wenzetu wanafunga mafuta yenye mionzi, ambayo ni vigumu kupata wa kuyapokea. Oili yetu inaweza kusafishwa ikatumika tena. Halafu pigeni hesabu: kwa kipimo kile cha Wafaransa, pipa 1 la oili linazaa mapipa 5 ya jiwe. Mapipa yetu 3 yatakuwa 15. Tutayaweka wapi, jamani?

Kwa hiyo halmashauri inaleta shauri hili:

1. Kabla ya masika mapipa yahamishwe mbali na mteremko wa kisima, yakae chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo pande zote. Ukingo utoshe kuzuia oili ya pipa zima likitoboka. Hapo saruji ya dukani inafaa.

2. Oili isichanganywe na maji, petroli wala mabaki ya dawa za shamba. Ikichanganywa, ni vigumu kupata wa kuipokea.

3. Ikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali tu, na karatasi ya makabidhiano ikae ofisini.

4. Mtu asiimwage njiani kuzuia vumbi, wala asiipake nguzo za zizi eti kufukuza mchwa. Mvua inaiosha, na inarudi kule kule kisimani.

Sakafu hiyo itataka saruji kutoka mfuko wa ushirika, na mchanga na kokoto kwa mikono yetu. Kura itapigwa mkutano ujao. Asiyekubaliana nasi aje aseme hadharani, tumsikilize. Kisima ni kimoja, ndugu zetu, hatuna kingine.


Halmashauri ya Ushirika