Propela ya Gari Kuukuu la Kimarekani

Katika mazungumzo ya juma lililopita tulieleza jinsi nguvu za injini zinavyopita katika giaboksi. Leo twazifuata nguvu hizo zikielekea nyuma, na kwa bahati njema nimepata barua ya kutusaidia.

Mwenye barua ni kijana wa Tanga akaaye katika jimbo la Ohio, Marekani. Amenunua Chevrolet Chevelle ya mwaka 1969 yenye milango miwili, gari la aina ile ya injini kubwa ambayo Wamarekani waliipenda sana tangu Pontiac GTO ilipotokea mwaka 1964. Lilikuwa na giaboksi ya Turbo 350. Yeye akaitoa, akatia Turbo 400 iliyo madhubuti zaidi. Propela ya zamani ikakataa kuingia. Akaenda kwenye uwanja wa magari mabovu, akanunua propela ya Chevelle nyingine ya mwaka ule ule, nayo ikakataa. Sasa jirani yake amejitolea kuikata na kuichomelea uani. Mkewe amesema kwamba siku gari litakapotembea kwa propela ya uani, yeye na watoto watapanda basi. Bwana huyu aniuliza, nani ana haki?

Mke ana haki. Natutazame sababu.

Propela ni bomba la chuma. Mbele lina yoki yenye meno kwa ndani, inayoteleza juu ya shafti ya giaboksi. Nyuma hufungwa kwenye difu. Kila upande pana krosi, ili bomba lipate kuinuka na kushuka pamoja na magurudumu. Basi shafti ya Turbo 350 ina meno 27, na ya Turbo 400 ina meno 32. Hayapatani hata ukipiga nyundo, na wapo wapigao. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni yoki ya meno 32, wala si propela.

Halafu urefu. Jina la gari na mwaka wake havitoshi. Katika mwaka 1969 Chevelle ya milango miwili ilikuwa na inchi 112 baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, lakini ile ya milango minne ilikuwa na inchi 116. Nashuku kwamba propela aliyouziwa ilitoka katika gari la milango minne. Tena mikia ya giaboksi hizi ilitengenezwa kwa urefu mbalimbali. Pima gari lako mwenyewe, bwana, usipime la mwenzio.

Wakati wa kupima, uzito wa gari uwe juu ya magurudumu yote manne. Ukiliinua kwa jeki difu likaning'inia, kipimo chako ni cha uongo. Sukuma yoki ndani ya giaboksi mpaka mwisho, kisha irudishe nje robo tatu ya inchi hadi inchi moja. Sasa pima toka katikati ya krosi ya mbele mpaka katikati ya krosi ya nyuma. Nafasi ile uliyoiacha ni ya lazima, maana springi zikibonyea propela husogea mbele. Isipopata nafasi hugonga ndani ya giaboksi.

Krosi nazo zina saizi. Ile iitwayo 1310 ina upana wa inchi 3 na 7/32, na vikombe vya inchi 1 na 1/16. Ile ya 1350 ni inchi 3 na 5/8, vikombe inchi 1 na 3/16. Hiyo ndiyo ningeichagua kwa injini kali. Kama yoki ya difu ni ya saizi nyingine, zipo krosi zenye saizi mbili, moja kila upande.

Sasa turudi kwa jirani. Kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, tairi likiwa na kipenyo cha inchi 26 na difu likiwa la 3.31, propela huzunguka zaidi ya mara 2,500 kwa dakika. Bomba lililopinda kidogo tu litatikisa gari zima. Tena krosi iliyo katika pembe haizungushi sawasawa: huharakisha na kupunguza mara mbili kwa kila mzunguko, na kazi ya krosi ya nyuma ni kulifuta kosa hilo. Masikio ya yoki mbili za bomba yakipishana, kosa halifutwi. Krosi ya mbele ikivunjika njiani, bomba huanguka na kuchoma barabara, au hupasua sakafu chini ya miguu ya abiria. Ndiyo maana wenye magari ya mashindano hufunga pete ya chuma kuizunguka propela karibu na krosi ya mbele.

Fedha zake hazikupotea lakini. Bomba refu hukatwa likafaa. Fupi ndilo tabu. Alipeleke, pamoja na yoki mpya na kipimo chake kilichoandikwa, kwa karakana ya propela yenye mashine ya kukereza na mashine ya kusawazisha, na jirani amsaidie kulifunga likirudi.

Juma lijalo tutalifungua difu. Wekeni penseli na karatasi tayari, kwa kuwa patakuwa na hesabu. Kwa herini.