Donda Lisilopona: Msifiche Mguu

(Hotuba ya mmoja wetu katika chakula cha jioni cha wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya matibabu mapya ya madonda ya miguu. Nitaanza na mguu wangu. Nilisimama mbele ya ubao miaka 34. Karibu na kustaafu nikapata kidonda juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani. Nilikipaka asali, nikakinyunyizia unga wa vidonge vya rangi mbili, nikakificha kwa soksi ndefu miaka 2. Kwa sababu ya harufu, kila mkutano nilikaa kiti cha nyuma.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeniokoa. "Mwalimu," alisema, "shida si dawa. Damu yako haipandi kurudi moyoni." Vilango vya vena vikilegea, damu hutuama mguuni, na ngozi hushindwa kupona. Alipima kwanza presha ya mkono na ya kifundo, kwani mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa huweza kuharibika. Kisha akanifunga bendeji za kubana, toka vidoleni hadi chini ya goti. Baada ya miezi 5 donda likafunga.

Sasa hayo mapya. Mwaka 2018 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya wagonjwa 450. Wote walifungwa bendeji za kubana, lakini kundi moja lilizibwa mapema vena mbovu, kwa joto au kwa dawa ya povu. Nusu ya kundi hilo walikuwa wamepona kufikia siku ya 56; kwa wenzao ilikuwa siku ya 82. Mabuu ya nzi nayo yalijaribiwa huko. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba yanasafisha donda upesi, lakini hayaharakishi kupona.

Basi swali la kwanza ni lile lile: chanzo ni nini? Donda la unyayo la mwenye kisukari, kwa mfano, hutaka kwanza kuondolewa uzito wa mwili.

Vijana, mkimwona mzee anaficha mguu, msizibe pua. Mwambieni kwamba kidonda cha mguu kikipita wiki 2 bila kupona, aende hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilipoteza miaka 2 ndani ya soksi.